Mita Iliyolala

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Fundi Mkuu alinikabidhi spana, jembe na onyo. "Huko Kitengela usiamini mtu," akasema. "Hata mimi nikikuambia bomba halivuji, nenda ukaangalie." Neno hilo lilinikaa, maana hata kabla ya kazi nilikuwa mtu wa kushuku. Mke wangu, Mama Nekesa, husema hata chai yake naichunguza kabla ya kunywa.

Kazi yangu ilikuwa kukagua mita za maji. Nyinyi vijana mnadhani ni kusoma namba na kwenda zako. Wapi! Tulikuwa tunasaka baipasi, yaani bomba la siri linalozunguka mita ili maji yapite bila kuhesabiwa. Unafunga stopkoki, ile valvu iliyo kando ya mita, halafu unafungua mfereji ndani ya nyumba. Maji yakiendelea kutoka, umemshika mtu. Ama unatafuta kijani. Kitengela wakati wa kiangazi ni vumbi na upepo, kwa hivyo palipo na majani mabichi pana maji, na mwenye nyumba ana maelezo ya kutoa.

Ndiyo maana niliishuku nyumba ya Mama Halima. Alikuwa mwuza nguo kutoka Wajir, akiishi na watoto wengi pamoja na baba mkwe wake, Mzee Abdi. Nyumba imejaa watu, lakini mita imelala! Majirani wao, mume na mke tu, walikuwa wanawapita mbali kwa matumizi ya maji. Mimi nilizaliwa Kakamega, mvua inanyesha karibu kila alasiri na mtu anaoga mpaka achoke. Watu wote hao na maji kidogo hivyo? Haiwezekani. Tena uani kulikuwa na mpapai mbichi kabisa, unazaa.

Nilimwambia Msimamizi wa Eneo, bosi wetu pale Kajiado. "Niletee hiyo baipasi," akasema, "tuwakatie maji, na wasirudishiwe."

Nikaenda. Nikafunga stopkoki, nikafungua mfereji: tone, tone, kimya. Mwingine angerudi ofisini. Mimi nikasema, aha, hawa ni wajanja, baipasi yao iko na valvu yake. Nikachimba chini ya mpapai, na udongo ukatoka umelowa! Moyo uliruka kwa furaha, nisiwafiche.

Mama Halima alisimama mlangoni na mtoto mkononi. "Wallahi hatuna bomba lingine," akasema. "Ukitukatia, hawa watoto watakunywa nini?"

"Watakunywa ya baipasi," nikamjibu bila kuinua kichwa.

Ndipo nikaona miguu ya mzee ukingoni mwa shimo. "Toka hapo, mwanangu," Mzee Abdi akasema. "Hapo ndipo mimi hutawadha." Alishika birika dogo. Akanawa viganja, akasukutua, akaosha uso, kisha mikono mpaka viwikoni, akapangusa kichwa, akaosha miguu, na birika bado likabaki na maji. Yaliyoanguka yaliingia shimoni, juu ya buti zangu.

"Sisi tumefunzwa tusifuje maji hata tukiwa kando ya mto," akasema.

Kando ya mto! Mimi niliyelelewa kando ya mto sikuwa nimewahi kusikia jambo kama hilo.

Msidhani niliamini papo hapo. Nilichimba mpaka nikafika udongo mkavu, bomba hakuna, kisha nikakaa pale mpaka jioni, nawatazama. Maji ya kuosha mchele walipewa mbuzi. Ya kuogeshea watoto yalipigiwa deki, kisha yakamwagwa chooni. Nikafukia shimo langu.

Kajiado, Msimamizi aliniangalia kwa jicho la pembeni. "Umekula nini huko?"

"Vumbi."

"Basi kata."

"Bila baipasi, sikati."

Sheria ilikuwa hivyo: bomba lisipoonyeshwa, mkaguzi hatii sahihi, na maji hayakatwi. Mama Halima akabaki na maji yake, mimi nikahamishiwa Namanga. Hakuna aliyeniambia ni adhabu, lakini mimi si mtoto.

Namanga mifereji ilikuwa ikikauka hata wiki nzima, nami nikanunua birika. Mama Nekesa akanicheka. "Kwani umesilimu?"

"Sijasilimu. Nimekauka."

Mwaka niliostaafu, miaka ya elfu mbili ikielekea ukingoni, tulikuwa tumerudi Kitengela. Vijana wakiniuliza kazi ilinifunza nini, nawaambia: shukuni, lakini mkianza kuchimba, chimbeni mpaka mwisho. Mwaka huohuo mkaguzi mmoja kijana alibisha langoni kwangu.

"Mzee, mita yako imelala," akasema. Macho yake yalikuwa kwenye mpapai wangu. "Na huo mti je?"

Nilimpenda mara moja. Nikamletea jembe langu mwenyewe. Akachimba, udongo ukatoka umelowa, nikamwona akitabasamu peke yake.

Nikaingia ndani kuchukua birika.