Kichwa cha Kaka Ni Ngapi Leo?

Kaka yangu alianguka na pikipiki kwenye mteremko wa Goba, helmeti ameivaa kiwikoni. Kiwiko hakikupata hata mkwaruzo. Kichwa ndicho kilichotupeleka chumba cha mahututi, ambako walimlaza kwa dawa za usingizi na kumpitishia waya mwembamba kwenye fuvu, wa kupimia oksijeni ndani ya ubongo wenyewe.

Waya ulitoa namba. Na namba, kwa mtu kama mie ninayerudi mara tatu kuhakikisha mlango nimeufunga, ni balaa. Sikusomea udaktari, nilisomea simuni, video juu ya video, mpaka nikajua kwamba ikishuka chini ya ishirini ubongo unaanza kushinda njaa. Daktari akanikuta nikimkosoa nesi.

"Hayo umesoma wapi, kijana?"

"Mtandaoni, daktari."

"Haya. Mtandao ukija zamu, uambie unawe mikono."

Familia, lakini, ilinifanya mtangazaji. Kila nilipotoka ndani nilituma namba kwenye grupu letu la simu. Hakuna aliyeuliza tena mgonjwa anaendeleaje. Waliuliza, "Kichwa ni ngapi leo?" kama watu wanaoulizia bei ya nyanya. Mjomba, muuza nyama wa Vingunguti, aliingia kumwona akatoka anatabasamu.

"Mbona mie nimeona tisini na nane?"

"Hiyo ni ya kipimo cha kidoleni, mjomba. Damu inaweza kuwa na oksijeni tele, ubongo ukakosa."

"Sasa kwa nini unatuletea ndogo wakati kubwa ipo?"

Siku moja namba ya ubongo ikashuka hadi kumi na nne. Nikatangaza. Shangazi wa Mbweni akawaitisha wanajumuiya wenzake maombi. Mjomba akaja na chupa ya supu ya ubongo wa mbuzi, kwa hoja kwamba ubongo hujengwa kwa ubongo. Mgonjwa alikuwa analishwa kwa mpira wa puani. Supu tukainywa sie, kwenye benchi la nje. Ndani, manesi walikuta shingo imepinda baada ya kumgeuza. Wakainyoosha, namba ikapanda.

"Maombi hayo!" shangazi akaandika.

"Na supu je?" akajibu mjomba.

Nilikuwa na maelezo kamili kuhusu mishipa ya shingo. Niliyaandika, nikahakiki kila koma, nikayafuta, nikatuma "Amina."

Kisha wakautoa waya na kupunguza dawa. Daktari akasema sasa tusubiri: kama ataamka, na akiamka, kama atatujua. Namba hakuna. Nilikaa nikikodolea macho ukuta, pale kioo cha namba kilipokuwa, wakati ndugu yangu amelala hapo chini yake.

Asubuhi moja daktari aliweka kidole changu kwenye kiganja cha kaka. "Mbane mdogo wako."

Kisha kaka akanibana, akakisokota kidole mpaka nikaguna, vilevile alivyokuwaga akinifanyia tangu utotoni kila nikijifanya najua.

Nilitoka nalia, nikaandika kwenye grupu: "Ametujua. Amenisokota kidole."

Mjomba alikuwa wa kwanza kujibu: "Hiyo ni sawa na ngapi?"

Nilitamani kumcheka. Ila daktari nilikuwa nimeshamuuliza hilohilo.