Vidole Vinne Kila Upande

Mustafa Nasri aliendesha mabasi miaka thelathini na moja, na kwa muda huo wote alikwenda mbele kama madereva wengine. Sifa yake ilikuwa kurudi nyuma. Mtaani kwake, Gongoni, walisema basi la abiria sitini na tano, likiwa mikononi mwake, hupita kinyumenyume mahali ambapo mbuzi angesita. Alistaafu na sifa hiyo, na tangu hapo kazi yake ikawa kuilinda. Kwenye harusi hutazama kwanza gari la bwana harusi limeegeshwaje. Kwenye maziko, kabla dua haijaanza, ameshaamua kwamba aliyeleta jeneza alikata kona mapema. Akisikia dereva fulani ana kamera ya nyuma, humwonea huruma kwa sauti, kisha hukosa raha siku mbili.

Mwaka huu Damas, fundi mitambo mstaafu, alinunua gari-nyumba kuukuu kutoka Namibia. Anataka kuwapitisha wageni kwenye njia ya zamani ya misafara, Ujiji hadi Bagamoyo. Wapagazi waliikata njia hiyo kwa miezi mitatu, pembe za ndovu begani. Wageni wa Damas wataikata kwa siku kumi, na vitanda vinne, jiko na choo. Choo kilijadiliwa Gongoni wiki nzima, hasa hali ya mtu aliyemo ndani gari linapopita kwenye matuta.

Gari halikuweza kulala nje, na mahali pekee palipopatikana ni ghala la zamani la asali la Bi Najiat: kuta za udongo, mlango mrefu wenye fremu ya mninga. Sharti la Bi Najiat lilikuwa moja, fremu isiguswe. Damas alipima na kupata nafasi ya vidole vinne kila upande. Akasema atakayeliingiza kinyumenyume bila mkwaruzo ndiye atakayekuwa dereva wake. Alisema hivyo kwa adabu tu, maana kila mtu alijua ni nani. Mustafa alikuwa ameshapiga pasi shati lake la kazi.

Jumamosi asubuhi walikusanyika. Utingo mmoja alijitolea kumwelekeza. Mustafa akamtazama kama mtu aliyependekeza amvalishe viatu.

"Mimi nina vioo," alisema.

Alirudi polepole, macho kwenye magurudumu, kama anavyorudi dereva yeyote wa basi. Magurudumu yalipita vizuri sana. Lakini juu, ubavu wa kushoto, gari lile lina turubai la kivuli lililokunjwa ndani ya bomba, nalo limejitokeza nje kwa vidole vitano. Ukilinganisha na vidole vinne, hesabu inajulikana. Watu wakapiga kelele. Gari likasimama bomba likiwa limebakiza unene wa shilingi kugusa mninga.

"Mzee Mustafa!" aliita Tatu, muuza vitumbua wa ng'ambo ya barabara. "Mlango umekukataa kama mkwe!"

"Mlango huu umejengwa upogo," alijibu Mustafa, akashuka.

Ndipo Godeliva, aliyekuwa akisubiri barabarani na kuona yote, akaingia uani. Godeliva ni mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu, mama wa watoto watatu, na alikuwa amemletea Damas mbao kwa trekta na tela. Kurudisha nyuma tela ni shughuli nyingine kabisa: ukikata kulia lenyewe huenda kushoto. Yeye alilipitisha kati ya gari-nyumba na ukuta, akaliweka mahali pake mara moja, kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika muhindi wa kuchemsha.

Mustafa alihesabu mara alizoung'ata wakati huo. Zilikuwa mbili. Angeweza kumsamehe lile tela. Ule muhindi hakuweza.

"Shikamoo, baba," Godeliva alimwambia.

"Marahaba. Hapa si shambani, binti."

"Nimeona. Ila unatazama chini, baba. Sisi tukibeba marobota ya tumbaku, mzigo unazidi tela huku na huku. Kinachogonga ni cha juu."

Damas, ambaye hana huruma anapopata wazo, akampa ufunguo. Godeliva alizunguka gari mara mbili, akanyanyua kichwa, akarudi. "Kushoto juu sitaona. Nataka mtu wa kuniangalizia, anayejua gari."

Uani walikuwapo watu thelathini. Wote wakamgeukia mmoja.

Mustafa alikwenda akasimama kwenye pembe ya mlango. Hakuwahi kuelekezwa, wala kuelekeza. Gari likaanza kurudi. Bomba likaukaribia mninga, na Mustafa akaona wazi kwamba hahitaji kufanya ubaya wowote. Alitakiwa tu kunyamaza kwa muda wa chafya moja. Atakwaruza, Bi Najiat atapiga mayowe, mwanamke atarudi Ulyankulu na trekta lake, na Jumamosi nyingine yeye atajaribu tena, na mlango utaonekana hauna upogo.

Kisha akawaza watu watakavyosimulia. Hawatasema Godeliva aligonga. Watasema gari liligonga mlango, Mustafa akiwa amesimama pale pale.

"Simama!" alifoka. "Mbele kidogo! Kata kulia. Kata! Nyoosha! Mbona unakata kama unasaga? Rudi. Rudi. Angalia, mwanamke, mimi nina sifa hapa! Rudi. Basi!"

Lilikuwa ndani. Bi Najiat alipapasa fremu yote kwa kiganja, asione mkwaruzo. Watu wakapiga makofi, wakamkimbilia Godeliva. Tatu alimpelekea vitumbua viwili. Mustafa hakupelekewa.

"Utaanza mazoezi Jumatatu?" Damas alimwuliza Godeliva.

"Nitaanza, kama huyu baba atakuwepo. Macho yake ni makali."

"Mimi si utingo," alisema Mustafa, akaenda zake nyumbani.

Mkewe, Tunu, alikuwa ameshasikia kila kitu. "Wanasema kaingiza kwa mara moja," alisema, akimwekea chai.

"Kwa mara moja? Nilimrudisha mbele!"

"Hilo hawakulisema."

Alikunywa chai yote bila kuonja. Jumatatu, saa moja asubuhi, alivaa shati lilelile, akamwambia Tunu anakwenda mara moja tu, kumtazama yule mwanamke akikosea. Akasimama kwenye pembe ya mlango, akaelekeza. Godeliva hakukosea. Jumanne akaenda tena. Sasa imepita miezi miwili ya mazoezi, na wageni bado hawajafika. Damas amempa kofia yenye jina la safari, naye anaivaa, na gari halijapata mkwaruzo hata mmoja. Kila asubuhi Mustafa huondoka nyumbani na matumaini, na kila jioni hufoka "Simama!" kwa wakati.