Kadi mbili za baba mkwe, na jina nililolitaja mara moja tu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Jana nimesoma swali la mwenzetu mmoja: mzee wake ana cheti cha msamaha wa matibabu, na yeye mwenyewe amemweka kwenye bima ya kazini. Sasa je, vyote viwili vinatumika pamoja au kimoja kinaua kingine?

Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili. Mistari ikagoma kuwa miwili, ndiyo maana nimefungua uzi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sasa nimestaafu. Uongo wa watoto nimeusahihisha miaka yote, siwezi kuja kuwaletea wangu hapa. Haya yalinitokea mwenyewe.

Nimezaliwa Bulyaga, pale Tukuyu mjini, nikaolewa Suma. Haya ninayosimulia ni ya miaka ile hospitali zilishaacha kuwa za bure, kila dirisha unaambiwa "changia." Wazee waliovuka miaka sitini ndio waliosamehewa, ila mpaka uwe na cheti cha mtendaji wa kata. Na bima ya watumishi ndiyo kwanza inaingia. Walimu tulinung'unika sana, mshahara unakatwa na wengi hatujui unakatiwa nini.

Sasa kwa wasiojua mila zetu za Rungwe, hapa msome taratibu, bila hiki hamtaelewa kitu.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Simaanishi kwamba hampatani. Hamkutani kabisa. Mkwe akitokea njiani, wewe unaingia migombani unajifunika kitenge mpaka apite. Huongei naye. Hamwangaliani usoni. Na jina lake hulitaji, hata akiwa hayupo. Wengi walishaacha, hasa wa mjini, lakini baba mkwe wangu alikuwa wa kizamani, na mimi niliingia kwenye nyumba ile nikaheshimu nilichokikuta.

Akitaka kuniambia jambo, alimwambia mbwa.

Sitanii. Anakaa barazani, anamwambia mbwa, "Leo ndizi zimeiva vizuri." Mimi jikoni najua nimesifiwa. Anamwambia mbwa, "Mtu akienda sokoni asisahau chumvi." Nakwenda naleta chumvi. Miaka tisa tuliishi hivyo, na tulielewana kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

Kisha mama mkwe akafariki, na macho ya mzee yakaanza kufunga. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mume wangu alikuwa kiwanda cha chai, zamu zinabadilika kila wiki. Watoto wako shule. Siku moja mzee akaanguka mtaroni akienda chooni. Wiki iliyofuata akaanguka tena, akachubuka uso mzima, na tangu hapo akakataa kutoka nje. Mzee aliyepanda migomba yote ile kwa mikono yake akawa anashinda anapapasa ukuta.

Nikawaza, huyu haoni. Kama haoni, basi sijaonekana.

Nikashika ncha ya fimbo yake. Yeye akashika upande wa pili. Hakuuliza ni nani, na mimi sikusema. Nikamtoa nje.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Mikono yetu haikugusana hata siku moja, ni fimbo tu katikati. Kwa kuwa sitakiwi kuongea, nilikohoa. Kikohozi kimoja, kuna ngazi. Viwili, kuna mteremko. Kuna jirani alinifuata akanishauri nikapime kifua, nikamshukuru tu.

Miaka mitatu. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, simkumbuki. Niseme ukweli, kwenye fimbo ile ndipo nilipopata baba.

Haya, turudi kwenye kadi.

Bima ilipoanza, tuliletewa fomu shuleni, unaruhusiwa kuandika wategemezi, na wakwe wamo. Nilifurahi mno. Nikaandika mume, nikaandika watoto. Nilipofika sehemu ya baba mkwe, mkono ukakataa.

Mwalimu mzima, nafundisha watu kuandika, nimeshindwa kuandika jina.

Nikakwepa. Nikaandika jina lake la ubatizo ambalo hata kanisani walishalisahau. Nikajiona mjanja. Kumbe nimejitegea mtego mwenyewe.

Siku moja ikatangazwa kanisani kwamba daktari wa macho anakuja Tukuyu, kwenye hospitali moja pale, atafanya operesheni siku tatu tu. Atarudi lini, hakuna aliyejua. Mume wangu akaomba ruhusa kiwandani, akanyimwa, chai ilikuwa imejaa. Siku mbili za kwanza zikaisha tukisubiri cheti cha mtendaji. Siku ya tatu cheti kikatoka, jirani aliyekuwa anapeleka ndizi mjini akatupa lifti. Mzee mbele na dereva, mimi nyuma na mikungu.

Na hapa niungame. Njia nzima nilikuwa na furaha, na chini ya furaha kulikuwa na hofu. Mzee akiona, fimbo imekwisha. Narudi migombani kujificha. Niliona aibu kuwaza hivyo, lakini niliwaza.

Tukafika dirishani. Nikatoa cheti, nikatoa kadi ya bima. Dada wa pale akanieleza vizuri kabisa, na hili ndilo jibu la mwenzetu wa jana: vyote viwili vinatumika. Cheti cha mzee kilibeba kumwona daktari, kitanda na upasuaji. Lenzi na dawa havikuwemo kwenye msamaha, vilibebwa na bima. Ukiwa na kimoja unabaki nusu njia.

Halafu akaziweka karatasi zote mbili sambamba.

"Mwalimu," akasema, "cheti kina jina moja, kadi ina jina jingine. Kwangu mimi hawa ni wazee wawili."

"Ni huyuhuyu," nikanong'ona. Nilikuwa nimejifunika kitenge, nimempa mzee mgongo.

"Sawa, basi mtaje. Mwanachama anathibitisha kwa mdomo, mgonjwa akiwepo. Watu wanatuletea majirani kwa kadi za wazazi wao."

"Nipe kalamu niandike."

"Utaandika na kusaini baadaye. Mzee haoni karatasi. Nataka akusikie ukimtaja, akubali. Na tufanye haraka, daktari amebakiza wagonjwa wachache."

Wakuu, nilisimama pale. Mdomo nimeufungua, sauti haitoki. Foleni nyuma imeanza kuguna. Nilijua kabisa nikishindwa, mzee anarudi Suma kupapasa ukuta mpaka siku ya kufa kwake, na kosa ni la mkono wangu.

Ndipo nikasikia fimbo inagonga sakafu, taratibu.

"Mwanangu," mzee akasema. "Mbwa tumemwacha nyumbani. Leo itabidi niseme na wewe."

Miaka kumi na mbili. Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mimi.

"Litaje tu," akaendelea. "Mimi sisikii."

Akaiegemeza fimbo ukutani. Akainua mikono yake miwili, akaziba masikio kwa vidole. Mzee mzima, na koti lake la kanisani, amesimama mbele ya watu wote pale, kajiziba masikio ili mimi nisivunje heshima yangu.

Nikalitaja. La ubatizo na la nyumbani, yote mawili, kwa sauti.

Dada wa dirishani akafungua mdomo amuulize. Kabla hajauliza, mzee, vidole bado viko masikioni, akasema, "Ndiye mimi."

Yule dada aliinama, akachukua muhuri, akagonga kotekote. Kumbe na yeye kwao ni Matwebe, hukuhuku Rungwe, alininong'oneza baadaye akinirudishia kadi. Alisema bibi yake angefanya vilevile.

Mzee akafanyiwa jicho la kulia, wa mwisho kabisa siku ile. Nikalala kwa dada yangu Bulyaga.

Asubuhi nikarudi, nikasimama nje ya wodi, nyuma ya mlango. Nesi anafungua bandeji. Nikamsikia anauliza, "Babu, hivi vidole vingapi?"

"Vitatu. Na kimoja hujakata kucha."

Wodi ikacheka. Mimi nyuma ya mlango nalia na nacheka. Nikamsikia mzee anasema polepole anachokiona, kama mtu anayesoma. Dirisha. Ndoo. Shuka lina mstari wa bluu. Nje kuna mgomba. Alipofika kwenye mgomba akarudia mara mbili, "Ndaga, ndaga fijo," yaani asante sana. Sijui alimwambia nesi au alimwambia Mungu.

Nesi alikuwa mgeni wa huku, hakuwa na habari ya mila. Akanifuata mlangoni, akanishika mkono. "Mwalimu, unajificha nini? Njoo, baba anaona."

Akanivuta mpaka kitandani. Sikuwahi hata kuvuta kitenge usoni.

Mzee akasikia hatua zangu. Anazijua, miaka mitatu amezifuata. Akafumba macho.

Nesi akashtuka. "Babu, linauma?"

"Haliumi."

"Mbona umefumba? Mkweo huyu hapa mbele yako, humwoni?"

"Namwona," akasema, macho ameyafumba.

Akapapasa pembeni ya kitanda, akaipata fimbo, akaninyooshea ncha.

Nikaishika. Tukatoka wodini, yeye na jicho lake jipya amelifumba, mimi mbele. Kwenye ngazi nikakohoa mara moja, akainua mguu.

Aliishi miaka mingi baada ya pale. Migomba alirudi kuipalilia mwenyewe, anaona mpaka mdudu kwenye jani. Lakini akisikia hatua zangu, alifumba macho na kunyoosha fimbo, nami namtembeza mpaka mgomba wa mwisho na kurudi. Tulitembea tu, hatukuwa na pa kwenda. Wala sikurudi kujificha tena.

Funzo, wakuu. Kama mzee wako ana cheti cha msamaha na yupo kwenye bima yako, usiache kimoja nyumbani. Uliza kila kimoja kinabeba nini. Na majina yafanane herufi kwa herufi, uyahakikishe mapema. Kama kuna jina mkono wako unakataa kuliandika, mpe mwingine kalamu, usifanye ujanja kama mimi.

Haya, wenye wazee wa kadi mbili, mlipata nini na mlikwamia wapi? Na Wanyakyusa wenzangu, nani mwingine aliwahi kusemeshwa kupitia mbwa? Nipo, nasoma.

Jina lake msiniombe, sijalitaja tena tangu siku ile. Wala msiniulize kama aliwahi kuiona sura yangu. Alisema ananiona, na mimi nilimwamini.