Kidoko na Mkwaruzo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa redio bubu, hedifoni yenye sikio moja tu lililo zima, na stuli. Ilikuwa karakana ya redio pale Chang'ombe ya Dodoma, chumba kimoja chenye mlango wa bati, na mwenye nacho tulimwita Fundi Mkuu ingawa fundi mdogo hakuwepo. Hakuniuliza cheti. Angeniuliza ningeaibika, maana shule niliiacha darasa la sita, si kwa ujinga bali kwa miguu. Miguu yangu haikujua kukaa chini ya dawati.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Una masikio mangapi?"

"Mawili."

"Leo utatumia moja. Likishajifunza kazi, nitakutafutia la pili."

Kazi yenyewe iliitwa kufuata sauti. Unachukua waya mwembamba uliounganishwa na hedifoni, unaugusisha kwenye kila kituo ndani ya redio, kuanzia antena kwenda kwenye spika. Pale unaposikia, sauti bado ipo. Pale unapoacha kusikia, ndipo ilipofia. Nilikaa hivyo tangu asubuhi hadi jua likaanza kulala, nimeinamia lile sanduku, na ghafla mtu akazungumza ndani ya sikio langu, mbali sana, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde anayemwita mwenzake. Sikuelewa alichosema. Lakini nywele zilinisimama, na nadhani tangu siku ile sijawahi kurudi kikamilifu kutoka humo ndani.

Nilikaa kwa Fundi Mkuu miaka mitatu. Alinifundisha kulehemu, kusoma rangi za vipande vya ukinzani, na kunyamaza. Kisha nikaondoka bila kugombana na mtu. Nilisikia Makutupora wanatafuta wachuma zabibu, nikaenda. Nikaenda na kwingine pia, nikiendesha mitambo ya matangazo kwenye harusi na mikutano, Kondoa leo, Manyoni kesho. Ila Makutupora ndiko nilikojifunza jambo ambalo karakana haikunifundisha. Msimamizi wa shamba alikataza kuongea mistarini, alisema maneno yanapunguza mikono. Basi kwa majuma mengi nilisikia tu majani ya mizabibu, mkasi, na upepo wa Dodoma ambao hauchoki. Nikagundua kwamba upepo una sehemu ya juu na sehemu ya chini, na katikati yake pana nafasi. Niliporudi mjini nilikuwa nakitafuta kifaa kitakachonionyesha nafasi ile.

Nilikipata nikiwa mtu mzima, nimeajiriwa kwenye studio ndogo iliyorekodi kwaya na kaswida bila kubagua. Mkuu wa Studio alikuwa mama mmoja aliyewahi kufundisha muziki, mwenye miwani ya kamba na sauti ya chini. Yeye ndiye aliyenipa jina Masikio. Wakati huo mtaalamu mmoja aliyekuwa akirekodi ndege wa nyanda za kati alimaliza kazi yake na kuuza vifaa. Miongoni mwavyo zilikuwemo hedifoni za hali ya juu, nyepesi, zenye mgongo wazi, yaani upande wa nje hauna kifuniko bali wavu tu, sauti inapumua kwenda na kurudi. Nilizivaa dakika moja. Kesho yake niliuza pikipiki.

Mtaa mzima ulicheka. Jirani yangu, dereva wa lori, alinisimamisha nikitembea kwa miguu kwenda kazini nazo kichwani.

"Masikio! Sasa hizo ndizo utapanda kwenda Makutupora?"

"Zinanifikisha mbali zaidi."

"Haya bwana. Angalau helmeti unayo."

Nilikuja kucheka nami baadaye, si siku ile, kwa sababu nilipozichomeka kwenye tundu la kompyuta ya studio nilihisi nimetapeliwa. Sauti ilikuwa ndogo, kavu, haina kifua. Nikamwambia Mkuu wa Studio kwamba zilikuwa nzuri kwa yule mtaalamu tu, kwangu zimegoma.

"Usiniambie nzuri," alisema bila kuinua macho. "Nzuri na nini?"

Swali hilo ndilo kazi yote. Hedifoni zangu zilikuwa na ukinzani wa omu mia tatu. Omu ni kipimo cha jinsi kifaa kinavyoukatalia umeme kupita. Hedifoni za simu zina kama thelathini, simu yoyote inaziendesha. Za mia tatu ni kama tenki lililowekwa juu ya ghorofa: pampu ndogo itapandisha maji, lakini yatatoka bombani kama machozi. Zinataka amplifaya yenye msuli. Nilijaribu miksa ya kwaya, ikatoa sauti kubwa lakini yenye mvumo wa nyuki nyuma yake. Nilijaribu amplifaya ndogo ya gari, ikapiga besi mpaka meno yakawasha. Mwishowe Mkuu wa Studio alitoa stoo amplifaya ya zamani ya balbu za kioo, nzito kama gunia la mahindi. Inahitaji dakika kumi ipate moto kabla hujaisikiliza. Nilipoziunganisha, kwaya ya jana yake ilinizunguka. Nilimsikia mwimbaji wa tatu akimeza mate. Nilisikia ukubwa wa chumba. Nafasi ile ya katikati ya upepo ilikuwa hapo, nimekaa ndani yake.

Ungedhani mtu aliyefika huko hatarudi tena kwenye tundu la kompyuta. Nilirudi. Ilikuwa siku ya haraka, na dakika kumi za kungoja balbu niliziona nyingi.

Alikuja mkulima kutoka upande wa Chemba, jina lake Salimu, Msandawe, mtu wa umri wangu. Alifungua kitambaa akaweka mezani kanda moja ya kaseti.

"Mama yangu yumo humu," alisema. "Hayupo kwingine."

Alinieleza polepole, kwa Kiswahili cha mtu anayepima kila neno. Mama yake alikuwa ameshafariki. Katika kanda hiyo anasimulia ukoo wake, na ndani ya simulizi analitaja jina la mama yake yeye, yaani bibi yake Salimu. Mjukuu wa Salimu amezaliwa, mtoto wa kike, na Jumapili atapewa jina hilo. Lakini Salimu na kaka yake hawakubaliani linavyotamkwa. Kinasa chao kilikufa siku nyingi. "Tukimpa jina lisilo lake," alisema, "tutakuwa tunamwita mtu mwingine maisha yote."

Nilimwambia arudi Jumatano. Nikaiweka kanda kwenye kinasa cha studio kilichounganishwa na kompyuta, nikachomeka hedifoni pale pale kwenye tundu, nikasikiliza. Mkwaruzo mtupu! Tik, tak, tok kila sekunde. Nikasema moyoni, kanda hii imekula vumbi la Chemba. Tulikuwa na programu ya kuondoa mikwaruzo. Niliipandisha mpaka mwisho, ikawa inasafisha huku sauti inaingia, na sauti mbichi sikuihifadhi. Mama yake Salimu akatoka laini kama mafuta. Nilijisifu, nisifiche.

Jumatano Salimu alikaa ng'ambo ya meza wakati nahakiki. Kwa kuwa hedifoni zile zina mgongo wazi, sauti kidogo huvuja nje, nyembamba kama ya mbu. Aliinua kichwa.

"Huyo anayeongea ni nani?"

"Mama yako."

"Hapana."

Nilimvalisha. Alisikiliza, macho yake kwenye ukuta. Kisha akazivua taratibu, akaziweka mezani kama mtu anayeweka yai.

"Umemng'oa meno," alisema.

Sikuelewa. Ndipo akafungua mdomo akasema sentensi moja ya kwao, na ndani ya maneno ulimi wake ukapiga kidoko, kile tunachokipiga sisi kumsikitikia mtu au kumwita kuku. Kwao si sikitiko wala kuku. Ni herufi. Kipo cha kwenye meno, kipo cha ubavuni mwa ulimi, kipo cha kaakaani, na kila kimoja kinageuza neno kuwa neno lingine. Nilikuwa nimefanya kazi Kondoa, nimepita masoko yao, nimewasikia. Lakini kupitia waya usio na nguvu, kidoko na mkwaruzo vilikuwa kitu kimoja kwangu, nikavifagia vyote. Jina la mtoto nalo nililifagia.

Mkuu wa Studio aliichukua kanda, akaisogeza dirishani. Utepe ulikuwa umeanza kuacha unga wa kahawia kwenye kidole chake, dalili kwamba sauti yenyewe inabanduka.

"Itapita mara moja," alisema. "Labda."

"Na kama haitapita?" Salimu aliuliza.

Mkuu aliirudisha kanda mezani. Alinigeukia mimi. "Washa balbu. Na leo, Masikio, hedifoni zako atavaa yeye."

Nilitaka kupinga. Katika kinasa cha kaseti kuna kichwa, kipande cha chuma kinachosoma utepe, na kisipokaa sambamba na utepe sauti za juu zinafifia. Vidoko vinaishi huko huko juu. Unakirekebisha kwa bisibisi ndogo huku utepe unakwenda, kwa kusikiliza, na hiyo ilikuwa kazi yangu. Lakini nilijua ana haki. Mimi ningesikia sauti nzuri. Salimu angemsikia mama yake. Tulingoja dakika kumi. Balbu zikawa na rangi ya machweo. Nikahakikisha mara tatu kwamba programu ya kusafisha imezimwa, na kwamba kompyuta inarekodi, nikashika bisibisi, nikabonyeza.

"Vipi?" nilimuuliza.

"Yuko nyuma ya mlango."

Niligeuza kidogo, kama upana wa unywele.

"Anakaribia. Usikimbie. Bado... bado... Hapo! Ametoka. Mwache hapo hapo."

Nikaondoa mkono. Sikuwa na kitu masikioni, nilisikia tu ule uzi uliovuja kwenye wavu, na nje bati likipigwa na upepo. Nilimtazama usoni. Alikuwa akitikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayeitikia hadithi jikoni, na mara mbili alitabasamu kwa jambo ambalo sikulijua. Unga wa kahawia ulikuwa unamiminika juu ya kichwa cha kinasa. Sijawahi kuona muda ukienda hivyo, mzito na bila sauti.

Kisha akakaza mikono mezani. Alilisema jina, kwa nguvu, kama anayejibu. Kidoko kilitoka ubavuni mwa mdomo.

Dakika chache baadaye utepe ukakatika.

"Umelipata?" Mkuu aliuliza.

"Nimelipata." Akaanza kucheka, machozi yanamtoka. "Kumbe kaka ndiye aliyekuwa sawa! Miaka yote nambishia. Mimi nilikuwa naliweka kwenye meno. Sasa nitamwambia nini yule mzee? Atanitambia mpaka nife."

"Mwambie kanda ilikuwa mbovu," nilisema.

"Ataniambia kanda ni nzima, mbovu ni mimi."

Tulikaa siku mbili tukisafisha kwa mkono, tik moja baada ya nyingine. Nilimpigia kila moja, yeye anahukumu: ya mama, ya kanda, ya mama, ya mama, ya kanda. Ilifika moja ambayo hata yeye hakuijua. Tukairudia mara nyingi. Mwisho alifumba macho akasema, "Hiyo ni ya moto. Alikuwa amewasha kuni." Tukauacha moto.

Jumamosi aliondoka na mama yake kwenye sidii mbili, moja yake, moja ya kaka.

Sasa nimestaafu, ninaishi Mkonze, na miguu imetulia kwa kukosa njia nyingine. Vijana wananiletea hedifoni zao za bei kubwa na kuniuliza kama ni nzuri. Nawajibu nilivyojibiwa. Nawaambia pia kwamba amplifaya ya balbu ikipewa hedifoni za omu chache itavimbisha besi kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, kwamba waya wa thamani hauponyi chombo dhaifu, na kwamba sehemu ya mwisho ya mtambo ni mtu mwenyewe, naye ana ukinzani wake. Sikio lisilojua lugha litaiita lugha uchafu, hata ulivalishe dhahabu. Hili la mwisho huwa hawaliandiki.

Mwaka huu alikuja mgeni, binti wa chuo, ametoka Chemba kusoma hapa mjini. Alipiga magoti kidogo mlangoni, "Shikamoo babu," akaniambia babu yake Salimu amemtuma anisalimie. Chuoni wanamwita Rehema, alisema, kwa sababu jina lake la nyumbani walimu wanalivunja, na wenzake wanacheka. Amezoea.

"Lakini babu anasema wewe unalijua."

Nilimwambia ukweli, kwamba nililisikia siku chache tu, tena zamani, na kwamba siwezi hata kuliandika, maana herufi zetu hazina mahali pake. Hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, akingoja.

Basi nikafumba macho. Niliweka ulimi kwenye meno, nikautoa. Nikausogeza ubavuni. Nikasikiliza kwanza, kama ilivyo desturi ya kazi yetu, mpaka nikawa na hakika sauti ipo. Kisha nikamwita.

Nje palikuwa na upepo, na nafasi katikati yake.

"Abee," aliitika.