Rubugo Sita za Sebuleni

Nichekeni tu, maana nimejitakia. Tulikuwa tumehamia Nyaishozi kutoka pwani kufungua duka, na sebule yetu ilikuwa vita: watoto wanne wanataka kurukaruka, mimi na mke wangu tunataka kunywa kahawa kwa utulivu. Nikaamua kuigawa kwa pazia la rubugo, zile nguo za gome la mti, maana kitambaa cha dukani kwetu ni cha kuuza.

Mzee mtengenezaji akaniuliza kwa upole, “Ni ya mkubwa au ya mtoto?”

“Wote, mzee wangu. Watoto wanne, wakubwa wawili.”

Akashika kichwa. Akanipa sita, akapunguza bei mpaka nikaona haya. Njia nzima najisifu: mtoto wa pwani anajua kupatana!

Kesho yake nimepiga magoti sebuleni, watoto wamenipanda kama punda, mara majirani wakaingia na mikungu ya ndizi, wanalia. Wakatuona.

“Bwana,” jirani yangu akanong’ona akilitazama pazia, “kwetu hiyo ni sanda.”

Hapo mke wangu akatokea nyuma ya pazia, amejifunika rubugo ya sita kwa ajili ya baridi.

“Karibuni kahawa,” akasema.