Siku Maduhu Alipoingia Majini

Maduhu alichimba dhahabu miaka kumi na moja kwenye maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji wadogo, karibu na Bulyanhulu. Alipofikisha miaka thelathini na mbili aliomba kazi ya uokoaji kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini Kahama. Meneja alimwambia nafasi ni yake akileta cheti. Kozi ilikuwa ya wiki tatu, na aliyeshindwa mtihani aliruhusiwa kurudia mara moja tu.

Kuogelea alijifunzia malamboni, enzi za kuchunga ng'ombe. Mwalimu wa kozi, Zuhura, alimrekebisha mikono na pumzi mpaka akamaliza mita mia mbili, ingawa wa mwisho. Somo alilolipenda ni la kuokoa ukiwa ukingoni: unalala kifudifudi, unarusha dumu tupu lenye kamba, unamvuta mtu bila kumkaribia. Hapo hakuna aliyemshinda.

Siku ya mtihani, Enock, mwanafunzi mwenzake kutoka Nkome, aliigiza mtu aliyezimia. Alizama, akatulia chini. Maduhu akarusha dumu. Likaelea. Akalivuta, akalirusha tena. Enock akaibuka mwenyewe, akihema.

"Kaka, mimi nishafika kwa Mungu, wewe bado unarusha dumu."

Wenzao walicheka. Zuhura aliandika kwamba ameshindwa, kisha akamwita pembeni na kumuuliza kwa nini hakuingia. Maduhu akamsimulia habari za kaka yake, Mayala. Mchimbaji mwenzake alizidiwa na hewa chafu chini ya duara, Mayala akashuka kumfuata, wakatolewa wote wawili maiti. Tangu hapo Maduhu aliishika sheria moja: mwenzako akianguka, hushuki.

"Kule ni sawa," Zuhura alisema. "Kule hewa yenyewe ndiyo inaua. Hapa unashuka na hewa yako kifuani. Na aliyezimia hashiki kamba, kaka Maduhu."

Siku nne mfululizo alimtupia tofali majini, Maduhu akalifuata. Siku ya kwanza hakulifikia hata mara moja.

Kwenye mtihani wa marudio Enock alizama tena. Maduhu aliita msaada kama walivyofundishwa, akayatazama maji, akavuta pumzi. Alikawia kidogo, na Zuhura aliliandika hilo pia. Kisha akaingia. Alimshika Enock kwapani, akapanda naye hadi ukingoni, akamlaza chali.

Enock alifumbua jicho moja. "Umenibana mbavu."

"Nyamaza, umezimia," Maduhu alisema, akainama kusikiliza kama anapumua.

Cheti kilitoka Ijumaa. Jumatatu akaanza kazi, zamu ya asubuhi.