Herufi Zilizosimama Ukutani

Kabla binti wa mama mkubwa hajaja kukaa kwetu Amalemba, mimi ndiye niliyekuwa msanii wa darasa la saba. Wasichana waliniletea madaftari niwaandikie majina kwenye jalada, nami nilichora herufi nene na kuzijaza kwa kalamu nyekundu. Niliamini hakuna uzuri kupita huo.

Yeye alitoka Matungu, kwenye miwa, na penseli fupi kama kidole gumba. Jioni ya kwanza alichora jina lake mezani petu. Kila herufi aliipa ubavu, akaukoleza kwa penseli, kisha akausugua kwa kipande cha karatasi laini mpaka weusi ukafifia taratibu kuelekea ukingoni. Herufi zikasimama. Nilitamani kupitisha mkono nyuma yazo.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza.

"Hakuna. Unaamua tu mwanga unatoka wapi."

Hazikupita wiki mbili madaftari yote yakahamia dawati lake. Hilo ningelivumilia. Lakini mama alimnunulia karatasi nyeupe ya manila, akamwomba aandike YESU NI BWANA, akaibandika sebuleni. Kila alipoingia mgeni, mama alisema, "Huyu mtoto ana mkono," nami nikiwa pale pale na sinia ya chai. Mimi sikuwahi kununuliwa manila.

Jumamosi moja walienda sokoni Lubao. Nilisingizia tumbo, nikabaki peke yangu. Nikapanda kiti, nikalowesha kidole kwa mate, nikaisugua ile B. Nilikusudia kuiharibu kidogo tu. Ikawa doa la kijivu lililofika hadi kwenye W.

Waliporudi, mama alisimama mbele ya ukuta, kikapu kikiwa bado mkononi.

"Nani amefanya hivi?"

Binti wa mama mkubwa aliitazama karatasi, kisha akakitazama kidole changu. Nilikuwa nimesahau kunawa.

"Ni mimi, mama mdogo," akasema. "Asubuhi niliipanguza vumbi kwa kitambaa kibichi. Nitachora nyingine."

Nilimchukia zaidi siku hiyo. Hata kwa wema alikuwa amenishinda.

Alichora upya jioni ile ile, akaniomba nimshikilie rula. Niliishika, macho yangu yakifuata mkono wake: alipokandamiza penseli, alipoilegeza. Habari ya kidole hakuitaja, wala mimi sikumwomba msamaha.

Desemba alirudi kwao moja kwa moja, baba yake alipomtafutia shule ya karibu. Likizo nzima nilichora. Nilifuta mpaka karatasi zikatoboka. Mwishowe, herufi zangu nazo zikasimama, maneno yale yale, na ubavu wenye kivuli. Nilimpelekea mama.

Aliishika mbali kidogo na macho, akaitazama kwa muda.

"Ni nzuri," akasema. "Ibandike kule jikoni."

Nikaibandika jikoni, juu ya debe la unga.